MacBook Air Mbili za Mwaka 2020: Ipi Hufanya Kazi Zaidi kwa Umeme Uleule?

Machi 2020 kampuni ya Apple ilitoa MacBook Air mpya yenye prosesa ya Intel. Novemba mwaka huohuo ikatoa nyingine, yenye prosesa iliyoibuni yenyewe na kuipa jina la M1. Kwa nje zilikuwa pacha. Kioo cha inchi 13.3, betri ya wati-saa 49.9, chaja ya wati 30, bei ya kuanzia dola 999 nchini Marekani: vyote vilibaki vilevile. Kilichobadilika kilikuwa ndani.

Ni nadra kupata jaribio safi namna hii. Kwa kawaida anayetaka kulinganisha prosesa mbili za laptop hujikuta analinganisha na mengine yote yanayozizunguka. Hii ina kioo king'avu zaidi, ile ina betri kubwa zaidi, nyingine imepewa feni mbili. Ikishinda, mtu hajui imeshinda kwa prosesa au kwa vikorombwezo. Hapa mizani imelala sawa karibu pande zote, na ndiyo maana mashine hizi mbili, ingawa si mpya tena, zinafaa kuliko nyingi zilizotoka baadaye kujibu swali linalowasumbua wanunuzi wengi: je, ni lazima kuchagua kati ya prosesa yenye kasi na prosesa isiyomaliza chaji?

Toleo la Machi liliuzwa na prosesa za Intel za aina tatu, zote za kizazi cha 10. Ya kulinganisha kwa haki ni ya katikati, Core i5-1030NG7. Ina viini vinne, mwendo wa kawaida wa gigahezi 1.1, na uwezo wa kupanda kwa muda mfupi hadi gigahezi 3.5. Ilitengenezwa kwa teknolojia ya Intel ya nanomita 10, teknolojia ambayo kampuni hiyo iliahidi miaka mingi kabla na ikachelewa mno kuifikisha sokoni. M1 ina viini vinane: vinne vikubwa kwa kazi nzito, vinavyofika gigahezi 3.2, na vinne vidogo kwa kazi nyepesi. Ilitengenezwa na kiwanda cha TSMC cha Taiwan kwa nanomita 5, na ndani yake mna transista bilioni 16. Hizo nanomita zisimbabaishe msomaji; siku hizi ni majina ya kibiashara zaidi kuliko vipimo vya kitu chochote halisi ndani ya chipu. Hata hivyo, mwaka huo kiwanda cha Taiwan kilikuwa mbele ya Intel, na hilo halina ubishi.

Kwenye kipimo cha Geekbench 5, ambacho huipa mashine kazi za namna namna kisha kutoa alama, Core i5 hiyo ilipata takriban alama 1,100 kwa kiini kimoja, na kati ya 2,500 na 3,000 kwa viini vyote kwa pamoja. M1 ilipata takriban 1,700 kwa kiini kimoja na 7,400 kwa vyote. Maana yake ni kwamba kazi inayotegemea kiini kimoja, kama kufungua ukurasa mzito wa intaneti, ilikwenda kasi mara moja na nusu, na kazi inayogawanyika, kama kubadilisha faili la video kutoka muundo mmoja hadi mwingine, ilikwenda kasi mara mbili na nusu hadi karibu mara tatu. Kwa mashine ya jina lilelile, katika mwaka uleule, tofauti hiyo haikuwa imezoeleka. Kabla ya hapo wanunuzi walizoea kizazi kipya cha prosesa kuongeza asilimia 10 au 15, na wakashukuru.

Kilichowashangaza wahandisi zaidi ni alama nyingine. Programu zilizoandikwa kwa ajili ya Intel haziwezi kukimbia moja kwa moja juu ya M1, kwa sababu prosesa hizi mbili hazipokei amri kwa lugha moja. Apple iliweka mkalimani anayeitwa Rosetta 2, anayezigeuza amri za Intel kuwa za M1. Kazi ya ukalimani huchukua muda, hivyo wengi walitarajia kasi ishuke vibaya. Geekbench ya toleo la Intel, ikiendeshwa kwa kupitia mkalimani huyo, ilipata takriban 1,300 kwa kiini kimoja na 5,900 kwa vyote. M1 iliendesha programu za Intel haraka kuliko prosesa ya Intel ambayo nafasi yake iliichukua.

Hayo yote ni kasi. Swali la pili ni gharama ya kasi hiyo kwa umeme, na hapa hesabu ya shule ya msingi inatosha. Apple ilisema toleo la Intel lingedumu saa 11 za mtu kuperuzi intaneti, na toleo la M1 saa 15. Betri ni wati-saa 49.9 kwa zote mbili. Ukigawa, mashine nzima ya kwanza, pamoja na kioo na kila kitu, ilitumia wastani wa wati 4.5, ya pili wati 3.3. Kwa kutazama filamu, saa 12 dhidi ya 18 zinatoa wati 4.2 dhidi ya 2.8. Takwimu hizi ni za mtengenezaji, zilizopimwa kwa kiwango cha mwanga wa kioo alichokichagua yeye, na mtumiaji wa kawaida anayefungua vichupo 20 na kupandisha mwanga hatazifikia. Lakini wapimaji huru nao waliikuta tofauti ileile kubwa, tena wakiikuta wazi zaidi pale kazi ilipokuwa nzito.

Hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu. Wanatazama wati tu, kana kwamba prosesa inayovuta wati chache ndiyo inayookoa betri. Betri haijali wati peke yake. Inajali wati ukizidisha na muda. Chukua mfano wa kufikirika: mashine moja inafanya kazi fulani kwa wati 10 na kumaliza baada ya dakika 10, yaani jouli 6,000. Nyingine inafanya kazi hiyohiyo kwa wati 15, lakini inamaliza kwa dakika 4. Hiyo ni jouli 3,600. Iliyovuta umeme mwingi zaidi kwa sekunde ndiyo iliyotumia umeme mdogo zaidi kwa kazi nzima, na sasa imelala huku mwenzake bado anahangaika. Kioo nacho kimewaka dakika 4 badala ya 10. Kwa hiyo kasi na ubanaji wa umeme hazivutani kama inavyodhaniwa. Prosesa nzuri hutoa yote mawili kwa pamoja, na prosesa iliyobuniwa vibaya huyakosa yote mawili.

M1 iliwezaje? Sababu ni kadhaa, na uzito wake haulingani.

Ya kwanza inatokana na fizikia ya transista. Umeme unaotumika ndani ya chipu hukua kwa kadiri ya mwendo wake, na hukua kwa kipeo cha pili cha volti. Tatizo ni kwamba ili mwendo upande, mara nyingi volti nazo lazima zipande. Ukipandisha vyote viwili kwa asilimia 20, matumizi ya umeme hayapandi kwa asilimia 20. Yanapanda kwa asilimia 73. Kwa hiyo gigahezi za mwisho ndizo ghali kuliko zote. Prosesa ya Intel iliyokuwa ikitangazwa kwa gigahezi 3.5 ilikuwa ikizifikia kwa kununua volti kwa bei mbaya, na ikizishikilia kwa muda mfupi tu.

Apple ilipita njia nyingine. Badala ya kukimbiza mwendo, ilipanua njia. Kiini kikubwa cha M1 kinaweza kusoma na kufumbua amri nane kwa kila pigo la saa yake. Kile cha Intel ya wakati huo kilifumbua chache zaidi. Mbele ya kila kiini kikubwa cha M1 kuna foleni ndefu ya amri zaidi ya 600 zinazosubiri. Kiini huchungulia foleni hiyo, kikachomoa zile zilizo tayari na kuzitekeleza hata kama zilizotangulia bado zinangoja data. Foleni ya Intel ilikuwa na nafasi 352. Kiini kinachofanya mengi kwa kila pigo hakihitaji mapigo mengi, na kisipohitaji mapigo mengi hakihitaji volti nyingi.

Kwa nini Intel haikupanua vilevile? Hapa lugha ya amri inaingia. Amri ya Intel inaweza kuwa na urefu wa kuanzia baiti 1 hadi 15, na prosesa haiwezi kujua inayofuata inaanzia wapi mpaka imepima iliyo mbele yake. Amri za Arm za biti 64, lugha ya amri inayotumiwa na M1, zote ni baiti 4. Kuzifumbua nane kwa pamoja ni kazi rahisi, kwa sababu mpaka wa kila moja unajulikana mapema. Hii ni faida ya kweli. Lakini wapo waliotoka hapo wakatangaza kwamba Arm imeishinda Intel kwa asili yake, na kwamba prosesa za aina ya Intel zimefika mwisho. Hilo limekanushwa na historia iliyofuata, kama itakavyoonekana.

Sababu ya pili ni viini vidogo. Mtu anapoandika waraka, prosesa karibu haina kazi: inasubiri kidole kibonyeze herufi, inakagua barua pepe, inasogeza saa. Core i5 ilikuwa na aina moja tu ya viini, kwa hiyo hata vikazi hivyo vidogo vilikimbizwa na kiini kikubwa. Ndani ya M1 hupewa viini vidogo ambavyo, kwa maelezo ya Apple, hutumia sehemu moja ya kumi ya umeme wa viini vikubwa. Huku ndiko saa nyingi za betri zilikopatikana, kwa sababu maisha mengi ya laptop hupita katika kungoja.

Ya tatu ni kukusanya vitu mahali pamoja. Watu wachache wanakumbuka kwamba MacBook Air ya Intel tayari ilikuwa na chipu ya Apple ndani yake, iliyoitwa T2, iliyoshughulikia usalama, alama ya kidole na hifadhi ya mafaili. M1 iliimeza T2, na memori ikasogezwa hadi kwenye pakiti moja na prosesa. Kila data inaposafiri umbali mrefu juu ya ubao hula umeme. Fupisha safari, na umeme unabaki kwenye betri.

Ustadi huo wa kubana umeme Apple haikuupata kwenye kompyuta. Iliupata kwenye simu. Mwaka 2008 ilinunua kampuni ndogo ya wabunifu wa chipu iitwayo P.A. Semi, na mwaka 2010 ikatoa chipu yake ya A4. Kwa muongo mzima wahandisi wake walifanya kazi ndani ya kifaa kisicho na feni, chenye betri ndogo, ambacho mwenyewe anakishika mkononi na kuhisi kila joto lake. Arm yenyewe ilizaliwa katika uhaba. Sophie Wilson na Steve Furber waliibuni wakiwa katika kampuni ya Acorn mjini Cambridge, Uingereza, na chipu ya kwanza ilipowashwa Aprili 1985 iligundulika kuwa ilikuwa ikifanya kazi hata kabla ya umeme wake kuunganishwa sawasawa: uliokuwa ukivuja kutoka kwenye saketi za jirani ulitosha kuiendesha. Intel, kinyume chake, ilikulia kwenye kompyuta za mezani na seva, ambako soketi ya ukutani haina mwisho.

Sasa haki itendeke kwa upande wa pili, kwa sababu mashine ya Machi haikupewa nafasi ya kuonyesha uwezo wake wote. Waliofungua kifuniko chake walikuta feni imewekwa pembeni, bila bomba la shaba la kuiunganisha na bamba la joto la prosesa. Feni ilikuwa ikivuta hewa ndani ya kasha, si kupuliza prosesa moja kwa moja. Chini ya kazi nzito prosesa ilikaribia nyuzi joto 100 na kulazimika kupunguza mwendo. Sehemu ya aibu hiyo ni ya Apple, si ya Intel.

Zaidi ya hapo, Core i5 ile haikuwa askari bora wa ulimwengu wa Intel na jamaa zake. Mwaka huohuo AMD, mpinzani anayetumia lugha ileile ya amri ya Intel, ilikuwa na Ryzen 7 4800U, yenye viini vinane vikubwa na kutengenezwa na TSMC kwa nanomita 7, ambayo iliipita M1 katika baadhi ya kazi za viini vyote, ingawa kwa umeme mwingi zaidi. Prosesa mpya za Intel zilizotoka miezi ya mwisho ya 2020, za jamii iliyoitwa Tiger Lake, nazo zilikaribiana na M1 kwa kiini kimoja, kwa sharti hilohilo la kulipa wati zaidi. Anayesema M1 ilikuwa prosesa yenye nguvu kuliko zote mwaka 2020 anapotosha. Sahihi ni kusema ilikuwa inatoa kazi nyingi kuliko zote kwa kila jouli, na kwa mashine inayobebwa hicho ndicho kipimo chenye maana.

Na M1 nayo ina dari. MacBook Air hiyo haina feni kabisa; ina bamba la alumini tu linalosambaza joto. Kwa dakika za mwanzo haina tofauti na MacBook Pro ya inchi 13 yenye M1 hiyohiyo na feni. Ikipewa kazi nzito ya viini vyote bila kupumzika, baada ya dakika 7 hadi 10 huanza kupunguza mwendo, wakati ile yenye feni inaendelea.

Jambo hili linawahusu wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki kuliko linavyoandikwa na wapimaji wa London au New York. Mashine isiyo na feni hutoa joto kwa tofauti iliyopo kati ya mwili wake na hewa ya chumba. Ikiwa bamba limefika nyuzi 45 na chumba kina nyuzi 22, tofauti ni 23. Chumba cha Mombasa au Dar es Salaam mwezi Februari, bila kiyoyozi, kinaweza kuwa na nyuzi 32, na tofauti inabaki 13. Njia ya joto kutoka imepungua karibu nusu. Mhariri wa video anayefanya kazi katika chumba cha namna hiyo ataona M1 isiyo na feni ikichoka mapema kuliko takwimu za majarida zinavyoahidi. Mwandishi, mwanafunzi au mhasibu hatalifahamu kabisa, kwa kuwa kazi zake hazifikii huko. Na kutokuwa na feni kuna faida yake hukuhuku: hakuna tundu la kunyonya vumbi.

Mhasibu, hata hivyo, ana tatizo lingine. Mashine ya Intel inaweza kuwekewa Windows kando ya mfumo wa Apple, na kila programu ya Windows ikakimbia bila mkalimani. M1 haina uwezo huo wa kuwasha Windows moja kwa moja. Ofisi inayotegemea programu ya mishahara au ya stoo iliyoandikwa kwa Windows pekee haitasaidiwa na saa 15 za betri. Pia M1 ya Air inakubali kioo kimoja tu cha nje, ilhali ya Intel inaweza kuendesha viwili vya 4K. Hayo si mambo madogo kwa mtu ambaye yanamgusa.

Turudi kwenye ule mjadala wa asili. Kama Arm ndiyo ingekuwa siri yote, Intel isingeweza kujibu kamwe bila kubadili lugha yake ya amri. Septemba 2024 Intel ilitoa prosesa za Core Ultra 200V, kwa jina la ndani Lunar Lake. Zina viini vinne vikubwa na vinne vidogo. Memori imewekwa kwenye pakiti moja na prosesa. Na sehemu yenye viini haikutengenezwa na Intel, ilipelekwa TSMC. Lugha ya amri ni ileile ya zamani, ya baiti 1 hadi 15. Matokeo yalikuwa laptop za Windows zinazodumu kwa chaji muda ambao miaka minne kabla ungeitwa ndoto. Intel ilikuwa imekopa karibu kila kitu kutoka M1 isipokuwa Arm yenyewe, na vilivyokopwa vilitosha kuziba sehemu kubwa ya pengo. Upande wa Arm nako, Snapdragon X Elite ya Qualcomm iliyofika madukani Juni 2024 ilitokana na wabunifu wa Nuvia, kampuni iliyoanzishwa na waliowahi kufanya kazi Apple, akiwemo Gerard Williams aliyeongoza ubunifu wa viini vya Apple. Kilichohama kutoka Apple kwenda Qualcomm kilikuwa watu na ujuzi wao. Arm Qualcomm ilikuwa nayo siku zote.

Kwa hiyo ushindi wa Novemba 2020 ulikuwa wa kiwanda bora, viini vipana, viini vidogo na memori ya karibu. Lugha ya amri ilichangia, lakini haikuwa mhimili.

Kwa anayenunua mtumba leo, iwe Kariakoo au katikati ya Nairobi, tofauti hii ina bei. Mashine zote mbili huuzwa kama "MacBook Air ya 2020", na kwa macho hazitofautiani. Chini ya kasha kuna maandishi madogo: A2179 ni ya Intel, A2337 ni ya M1. Menyu ya alama ya tufaha pia itataja jina la prosesa. Toleo la mfumo la mwaka 2025, macOS Tahoe, halipokelewi tena na MacBook Air ya Intel, lakini M1 bado inalipokea. Kisha iangaliwe hali ya betri, ambayo kwa mashine zote mbili imekadiriwa kuchajiwa mizunguko 1,000. M1 ambayo betri yake imechakaa hadi asilimia 80 imebakiwa na takriban wati-saa 40. Kwa wati 3.3 zile za kuperuzi, hizo ni saa 12, saa moja zaidi ya zile ambazo ya Intel iliahidiwa ikiwa mpya kabisa kwenye boksi.